Mvua Aliyoiomba Mama

Mimi nilikuwa naomba jua.
Nilisema wazi, Jumapili, kanisani Gongoni,
benchi la nyuma, kwa sababu ya miguu:
chumvi imenitafuna visigino, viatu haviingii.
Haya ninayo mbele ya watu. Mbele ya Mungu ilishaniisha.

Siku tisa tu, Bwana.
Siku tisa za jua kali, majaruba yakauke,
tukwangue, turundike,
Mwaringa mnyapara aandike jina langu daftarini,
nipande gari niende Malindi, hospitali,
wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni,
alikolala Kitsao wangu, mguu umening'inizwa kwa mawe
tangu pikipiki ile.
Mfupa unataka chuma. Chuma kinauzwa.

Na Chakama, usiku huohuo,
mama yangu alikuwa amepiga magoti
juu ya gunia lililokuwa la mahindi.
Misimu mitatu ardhi yake haijanywa.
Mbuzi wamebaki wawili, na mmoja ni wa kuhesabu tu.
Mama haombi kwa kubembeleza;
huomba kama mtu anayedai chenji yake dukani.
Mvua, Baba. Unajua pa kuileta.

Binti na mama, Mungu mmoja,
kila mmoja amevuta pindo lake la kanzu.

Siku ya saba chumvi ilikuwa imeganda,
nyeupe, changa, kama meno ya kwanza ya mtoto.
Siku ya saba jioni wingu likatoka bara.
Tulisimama na sepetu mikononi, wanawake kumi na wanne,
hakuna aliyekimbia. Ukimbilie wapi na jaruba?
Chumvi haipigi kelele ikiyeyuka.
Natamani ingepiga.

Simu ikalia kifuani.
"Dama! Dama wee! Bwana amesikia!"
na vigelegele, na sauti ya maji yakigonga bati la jikoni kwake.
Nikajiuliza: amemsikia nani?
Sikusema amina.
Lakini simu sikukata.
Nilimwacha anishangilie sikioni, nami nimelowa,
mpaka salio lake likaisha.

Mwinjilisti Chengo alikuja na maneno.
Kila jambo lina makusudi, alisema, na makusudi hayana haraka.
Nilimpa chai. Sukari haikuwepo, akainywa hivyo hivyo,
na kwa hilo nilimheshimu kuliko kwa yale maneno.

Alhamisi nilifika wodini mikono mitupu, matope mpaka magotini.
Nilikuwa nimepanga uongo njia nzima.
Kitsao alikuwa anasikiliza paa.
"Mama, imenyesha na kwa bibi?"
Imenyesha.
"Sana?"
Sana.
"Basi atapanda," akasema,
akafumba macho kama mtu aliyelipwa,
akalala usingizi ambao dawa za wiki tatu hazikumpa.

Sikuambiwa kwa nini.
Nawaambieni kweli, sikuona nuru wala sikusikia sauti,
ila nesi akiita nambari, na ndoo chini ya tundu la dari.
Chuma hakijanunuliwa hadi leo ninapoandika.
Nilikaa tu pale, nikihesabu matone ndooni,
nikawaza: aliyeyashika maombi yetu mawili, yanayopigana,
asiyatupe hata moja,
mkono wake ni mpana kuliko shida yangu.
Kuwaza huko hakukunishibisha.
Kulinikalisha wima.

Siku hizi naomba bado,
lakini hali ya hewa siitaji.

Kesho alfajiri tunafungua mlango wa jaruba,
bahari iingie upya, tuanze kuhesabu siku tena.
Yatakuwa maji tu, ukiyatazama.
Utachota kiganjani, utasema hamna kitu humu.
Chumvi imo.
Haionekani.
Visigino vyangu vinaijua.